Nukta Iliyokataa Mstari

Chumba changu cha uani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Yule daktari wako bado anakukataza kupanda ngazi, na kliniki yake iko ghorofa ya tatu? Sisi wazima, ila mimi nimefura kwa hasira, nisipokuandikia nitapasuka.

Unajua kazi yangu ya maabara, kupima pombe kwenye damu za madereva. Mashine haijui kitu mpaka kwanza uipe chupa za pombe ambayo kiasi chake kinajulikana. Kila chupa inaweka nukta, tunazipitishia mstari, na damu ya mtu inasomwa kwa mstari huo. Mstari ukidanganya, mtu kaumia.

Jumatatu chupa moja iliisha, nikafungua mpya. Nukta yake ikakaa juu, peke yake. Mkuu wangu akapita na kikombe chake cha chai: "Futa hiyo, nyoosha mstari." Ati nyoosha! Nikakagua chupa za zamani. Lo! Vifuniko vimelegea, pombe imekuwa ikitoroka kidogo kidogo. Nikatengeneza zote upya, na zote zikapanda kuungana na ile aliyotaka ifutwe.

Sasa ona ubaya wake. Chupa zikipungua nguvu na mashine isijue, kila damu ikilinganishwa nazo inaonekana imelewa zaidi. Na kwa mstari ule mbovu tulishampima dereva wa basi. Majibu yalipotoka alikuja mapokezi, akaapa alikunywa bia moja tu. Mkuu akacheka: "Kila mlevi hunywa moja." Leseni ikaenda, na kazi ikaenda. Nimeipima tena damu yake iliyobaki kwenye friji. Iko chini ya kiwango, Shangazi!

Nikampelekea mkuu majibu hayo kikaoni. Akasema majibu yakishatoka yametoka, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lililovunjika ni la dereva, si langu wala lake! Tena anataka nimwombe radhi kwa kumwaibisha mbele ya wenzake, la sivyo kesho nisikanyage kazini. Baba anasema niombe tu, yaishe, na kwamba hukukosea kuniita Mbishi. Yaishe kwa nani?

Nisalimie Bibi na wale mapacha watundu. Mungu akupe magoti mapya na akuepushe na wakubwa wa aina hii.

Radhi nitaomba. Nimeshauliza anakokaa dereva. Kesho asubuhi nitabisha hodi kwake, majibu mapya mkononi, na radhi nitaiomba hapo hapo mlangoni.

Akupendaye hata akikasirika,
Mbishi wako