Ndege Aliyeitwa Matetani

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo, na goti lako limetulia. Mimi sijambo, ukiacha macho na kifua, ambavyo kwa umri huu sivilalamikii tena. Barua yako niliipata, na maneno yako ya siku zote kwamba chumba changu cha uani kinanisubiri na kitanda kimetandikwa.

Jumamosi mwanao alinichukua twende tukatazame ndege kwenye vinamasi vya pwani. Nilishangaa, maana ndege anayemjua yeye ni yule aliyekwisha kaangwa. Nilipomtania hivyo alicheka kidogo tu, akasema, Baba Mkubwa, watu hubadilika.

Tulibanana na wastaafu wenzangu katika kibanda cha mbao, tukalitazama tope. Tuliahidiwa heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi; tulioneshwa membe, ndege wa kila ufukwe, wakigombea mfuko wa plastiki. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba kunguru wa nyumbani kwake ni wa bure, na chai anajinywea. Kiongozi wetu, kuona nyuso zimenuna, akatoa simu akapiga sauti ya ndege iliyorekodiwa. Ndege mdogo wa kahawia akachomoza kwenye matete, akaitika, akamtafuta mwenzake mpaka miguuni petu. Watu wakapiga picha. Mimi nikatoka nje.

Mwanao alinifuata, na hapo ndipo akasema alichonileta kuniambia, mbali na majirani. Chumba changu ulikibomoa mwaka ule alipomaliza shule, ukajenga maduka. Kurasa za vitabu vyangu nilivyoviacha humo zilifungiwa karanga. Akanisihi nisimtaje, maana baba yake hatamwacha.

Nimemtaja, lakini usimguse. Katika ukoo huu ni yeye peke yake aliyenitazama usoni akaniambia ukweli.

Na mimi nina langu usilolijua. Kwa kuziamini barua zako, nilikwisha kumrudishia mwenye nyumba chumba ninachoishi. Mwezi ujao anaingia mpangaji mwingine. Tiketi nimekata. Nilitaka nikushtukize, wewe na mkeo mkiwa mezani, tucheke kama zamani. Sasa sina hamu ya kumshtua mtu, lakini nakuja, kwa kuwa sina pengine.

Nisalimie mkeo na wajukuu wetu. Siku utakayonifungulia mlango, tafadhali usiniambie karibu. Niambie nitalala wapi.

Ni mimi,
kaka yako wa tumbo moja.