Nilikwambia ni Maziwa Tu

Liège, Jumapili mchana

Mdogo wangu mpendwa Odette,

Hujambo, mama wa mtoto? Na huyo mwanao, kaka mkubwa wa nyumba, meno yameshatoka? Mume wako kikohozi kimemwachia? Mimi nipo. Baridi inanitafuna lakini nakula vizuri, hadi zile gauni ulizonishonea zimeanza kunibana.

Nakuandikia kwa mkono, na barua nampa mama mmoja wa Isangi anayesafiri kuja huko kesho, kwa sababu kwenye simu siwezi. Nyinyi mkipokea mnaweka haut-parleur, sauti isikike kwa wote, na parcelle nzima, uani kote, inajibu, pamoja na majirani. Isome kwanza ukiwa peke yako.

Daktari wa hapa aliniuliza nani katika familia aliugua kansa ya titi. Nikajibu haraka haraka: hakuna, Mama mzima, dada zake wazima, bibi mzaa Mama alikufa kwa uzee. Akauliza, na upande wa baba? Nikacheka, nikamwambia baba ni mwanaume. Yeye hakucheka. Ndipo nikamkumbuka Tante Véro, mdogo wa Papa, aliyekuwa akijifunga vitambaa ndani ya blauzi na kusema ni jipu. Na mama yake Papa, tuliyeambiwa tu kwamba kifua kilimuoza. Kwenye matanga ya Tante uliniuliza kama sisi pia tutaugua. Nikakukaripia: ugonjwa huo ni wa kwao, sisi tumenyonya kwa Mama. Nilijiona najua! Miaka yote hii nimetembea na ujinga huo.

Wakanipima damu. Kitu kinacholeta ugonjwa huo kimo katika damu ya Papa, ingawa mwenyewe hajaumwa hata siku moja, na mimi amenirithisha. Wewe huenda unacho, huenda huna. Daktari anasema ni nusu kwa nusu. Nilimpigia Papa akiwa kule kwenye maporomoko, anatengeneza mitego yake ya samaki. Akapiga kelele, “Mado, mi niko mwanaume! Minapata wapi maladi ya matiti? Bon, uliza mama yako!” Akakata. Baada ya siku mbili akanipigia mwenyewe, sauti ndogo. “Mado, hii kitu, ni ile yenye iliuaka Véro?” Nikasema ndiyo, Papa. Akalia, nami nikalia.

Nimekubali wayakate matiti yangu yote mawili kabla hayajaugua. Ni wiki mbili kutoka leo. Usinililie sana, nimeshajililia. Najuta sikuzaa mapema nikanyonyesha walau mmoja. Jana nilipooga niliyatazama kwenye kioo, nikayaomba msamaha. Mume wangu Pascal anasema hakuna kitakachobadilika, halafu anakwenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Lakini kinachonila moyo si hicho. Ni wewe. Wakati wa Pasaka uliniambia una kitu kigumu, kama punje ya mahindi, kwenye titi la kushoto. Nilikuwa natoka kazini, mgongo unauma kwa kuinua wazee wa watu, nikakujibu kwa haraka: ni maziwa tu yameganda, kanda kwa kitambaa cha maji ya moto, mpe mtoto anyonye. Ukanishukuru. Uliamini kwa sababu mimi ni Ya wako, dada yako mkubwa. Hukulitaja tena, nami sikuuliza. Sasa nikikuuliza unacheka, “Ya Mado, niko bien, usiogope,” na ninamsikia Mama pembeni yako.

Huenda ni maziwa kweli. Naomba Mungu yawe maziwa. Ila mimi sina haki tena ya kukwambia hivyo.

Nisalimie Mama, umwambie hana kosa lolote. Papa usimgombeze, mpikie lituma ya ndizi na samaki, ukae naye akila. Msalimie tonton Bosco, kaka yake Mama, simu aliyoniomba naikumbuka. Na shemeji yangu, baba wa mtoto, umsomee barua hii yote, hata akiogopa.

Ukifika hapa kwenye barua, usikae kuniandikia jibu. Mwachie Mama mtoto, panda pikipiki, nenda hospitali. Waeleze habari za Tante Véro na za damu ya Papa. Wakikuuliza kwa nini hukuja tangu Pasaka, waambie ni dada yako aliyekuzuia.

Ni mimi, nikupendaye,
Ya Mado