Homa Uliyoificha Siku za Mashindano ya Redio

Mpendwa mjukuu wangu Hamisi, mume wangu wa utani,

Anayeandika ni dada yako Mwanaidi, nami nimemkataza kulainisha hata neno moja. Kadi yako imefika. Umeandika kama kawaida yako: hujambo, kazi nzuri, hofu ni kwetu sisi. Haukupita muda akaja Saidi wa Pangani, yule uliyekuwa naye melini. Akakaa barazani, akanywa kahawa, akazungukazunguka mpaka nikamwambia, "Mwanangu, sema au nenda zako." Ndipo akasema kwamba meli imekuacha, umelazwa ugenini kwa kifua, na kwamba mkuu wenu alitaka kukurudisha nyumbani ukakataa. Eti hutaki watu wakuone umerudi mgonjwa.

Sikushangaa. Upumbavu huo nilikwisha kuuona chini ya paa langu mwenyewe.

Unaikumbuka Jumamosi ile ya mashindano ya redio, yale ya kumpata hewani kila mtu wa mbali unayemweza mpaka Jumapili jioni? Ulikuwa bado unafanya kazi posta, umepata leseni yako ya redio, umejaza chumba cha uani masanduku na nyaya na betri ya lori. Mama yako alikuwa akitamba mtaani kwamba mwanawe anazungumza na Wajapani. Mimi nikataka kujua mnazungumza nini. Nikaleta kigoda changu, nikakaa mlangoni nikasikiliza.

Sijapata kusikia mazungumzo ya ovyo kama yale. Mtu yuko Ulaya huko, Mungu amejalia sauti yake ivuke bahari ifike Bagamoyo, na wewe humwulizi hata kaamkaje. Unamtajia nambari, anakutajia nambari, basi, mmeachana. Haya, mwingine. Muuza mchicha wa sokoni ana maneno ya maana kuliko nyinyi wote mlioshika mitambo.

Nikakuuliza hiyo nambari unayomtajia kila mtu ndiyo nini.

"Hamsini na tisa, bibi. Maana yake nakusikia vizuri sana."

"Na huyu wa sasa, mbona umemwuliza jina mpaka umekauka koo?"

"Alikuwa hasikiki."

"Ukamwambia unamsikia vizuri sana."

"Ndiyo desturi ya mashindano. Kila mtu anampa mwenzake hiyo hiyo. Ukianza kupima ukweli unapoteza muda."

"Kwa hiyo mmekusanyika dunia nzima kudanganyana."

Ukacheka, na katika kucheka meno yako yakagongana. Hapo ndipo nilipokutazama vizuri. Jua la adhuhuri, chumba kama tanuri, na wewe umevaa koti la marehemu babu yako. Nikakushika shingo. Ulikuwa unawaka.

"Sijambo, bibi," ukasema, wala hukuvua vile visikizio vyako masikioni.

Mama yako akaleta klorokwini na uji. Vidonge ulimeza, uji ukapoa. Akasema twende hospitali, ukasema kesho jioni, mashindano yakiisha. Akabaki amesimama pale na kikombe mkononi, machozi yanamtoka, na wewe ukamnyooshea mkono anyamaze kwa sababu kuna Mrusi anaita. Mkono ule nilitaka kuukata. Mrusi mwenyewe hukumjua jina la baba yake wala anakula nini, na aliyekuzaa unamnyamazisha kwa ajili yake.

Kisha jirani yetu Bi Tatu akauona waya wako wa kunasia sauti, uliokatiza uani kutoka kwenye mnazi. Waya mrefu, mpya, umewambwa vizuri, na yeye ana kanga mbichi. Akazianika zote. Ukatoka chumbani unatetemeka kama kifaranga kilicholowa, ukamsihi azitoe, ukisema Wabrazili wamepotea.

"Kama wamepotea, si kwenye kanga zangu," akasema Bi Tatu. "Zipekue."

Tulicheka, ndiyo. Nilidhani ukiona tunakucheka utaacha. Hukuacha. Jumapili alasiri ukaanguka wewe na kiti chako. Mama yako alikushika mabega, mimi miguu, tukakupandisha kwenye mkokoteni wa muuza nazi. Hospitali muuguzi alitutazama kama wauaji. Kila alipokuuliza unajisikiaje, ulimjibu hujambo, macho yamegeuka meupe. Nikamwambia usimsikilize huyo, tuulize sisi.

Baadaye sana kikaja cheti chako cha mashindano kutoka ng'ambo. Mama yako akakitilia fremu kabla hajajua kimeandikwa nini. Ukamsomea: wa kwanza katika Tanzania nzima. Nikakuuliza uliwashinda wangapi. Ukatazama vidole vya miguu.

"Tanzania nilishindana peke yangu, bibi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ukaja ukajilaza mapajani pangu, mtu mzima na ndevu zako, tukacheka pamoja. Nilikupenda mno siku ile, maana angalau ulisema kweli.

Sasa niambie, huko kitandani unashindana na nani? Nani amekaa anakuhesabia pointi kwa kukohoa peke yako? Unaona aibu kurudi umekonda. Aibu ya nani? Mtaa huu mzima umekuona uchi ukifukuzwa ukaogeshwe. Hakuna hapa anayengoja baharia mnene. Na hizo kadi zako za hujambo usituletee tena. Mama yako anazibusu, nami nikimwona anabusu uongo natamani kuzichoma.

Nimemweleza yote. Hakulia mbele yangu. Alilitoa godoro lako uani, akalipiga kwa fimbo mpaka vumbi likaisha, na vumbi lilipoisha akaendelea kulipiga.

Mpelekee habari mkuu wenu wa meli leo, umwambie umekubali kurudi. Ukiweza kutembea, shuka ukitembea. Usipoweza, shuka umebebwa. Mimi nitakuwa Dar es Salaam, mbele ya watu wote pale bandarini, na anayetaka kukucheka ataanza na mimi.

Mungu akulinde njiani. Nakungoja kwa hasira na kwa mapenzi yote niliyo nayo.

Bibi yako, mzaa mama