Koti la Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Mwezi wa nane tangu nitoke Makete. Bega la kulia limevimba tena. Mabelo ya mitumba ya leo ni ya makoti na masweta, mazito kuliko ya magauni. Mama Zuhura, tajiri wangu, anasema mwezi wa sita nguo nzito zinauzwa, lakini si hapa mjini. Huko juu milimani.

Nilipokata waya wa belo la mwisho likatoka koti. Sufu nyeusi, nzito. Bitana haijachanika. Vifungo vyote vipo. Nikalivaa, jasho likanitoka palepale. Mrisho, mbebaji mwenzangu, akapiga magoti kwenye vumbi: "Mchungaji huyo! Tuombee, baba!"

Mama Zuhura akasema hapa Morogoro koti hilo litakaa mpaka lioze. Lete elfu tatu, chukua. Nikalipa kabla hajabadili mawazo.

Nina furaha. Kwenye mahari ya Vaileti, mchumba wangu, limebaki koti la baba tu. Ng'ombe walishafika. Blanketi la bibi lilishafika. Baba yake, Mzee Tweve, ana kifua kibovu, na kwetu mwezi huu umande unaganda mweupe kwenye majani. Koti hili litamtosha mpaka uzee wake uishe.

Jumatano, 4 Juni

Nimempigia baba mdogo Yohana, ndiye mshenga wangu. Aliuliza bei kabla ya kuuliza rangi. Nikamwambia ukweli. Akataka niirudie.

Nilikuwa nimesahau. Kwao Vaileti, siku ya kupokea mahari, mshenga anasimama katikati ya ua, anainua kitu kimoja kimoja na kutaja bei kwa sauti. Ukoo wote unasikia. Wakiridhika, vigelegele. Wasiporidhika, mashangazi wanaanza kukohoa, na kitu kinarudi. Mkwe wao wa kwanza ni dereva wa lori la mbao. Koti lake lilitajwa laki na nusu. Mpaka leo linasimuliwa.

"Nikisimama pale niseme elfu tatu," baba mdogo akasema, "watadhani tumeleta nguo ya sanamu la kufukuzia ndege."

Siku ni Jumamosi tarehe 21. Koti likikataliwa, binti hatoki. Mjomba wake ameshaanza kumtaja mwalimu mmoja wa Njombe.

Nimekasirika. Koti ni lilelile la juzi.

Ijumaa, 6 Juni

Baada ya kazi nimepita madukani. Nimeona koti jipya ndani ya nailoni. Nikalishika. Jepesi, ndani sponji. Baridi ya Makete ingepita humo kama mlango uko wazi. Bei yake ni nauli yangu, chakula changu na bati za nyumba.

Muuzaji alikuwa ananitazama mikono. "Kaka, hiyo siyo ya kushikashika." Nikarudisha.

Hili naliandika kwa sababu ni kweli: nililipenda. Nilijua ni takataka na bado nilitaka mzee alione. Nikarudi chumbani. Koti langu linaning'inia kwenye msumari. Nikaliona kuukuu. Jumatatu halikuwa kuukuu.

Jumapili, 8 Juni

Gulio la Mkuyuni. Tulipakia kigari cha kirikuu alfajiri, mimi na Mrisho juu ya mizigo. Baridi. Tumemwaga masweta kwenye turubai, elfu moja moja. Watu wanapita. Mama mmoja mtu mzima, ameshuka kutoka juu na mikungu ya ndizi, akachambua kwa kidole kimoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya si ya wafu haya?"

"Ya Ulaya, mama."

"Wafu wa Ulaya, basi." Akaenda zake. Mrisho alicheka mpaka akakaa chini.

Mchana hatujauza kitu. Mama Zuhura akainuka. Akaniambia nitoe yale ya sufu, niyakung'ute, niyatundike kwenye hanga. Mrisho akawasha pasi ya mkaa. Bei: elfu nane. Nikasema mama, leo tutalala njaa. Akasema wewe beba, biashara niachie mimi.

Mama wa ndizi akarudi. Akashika sweta alilolikataa asubuhi. Lilelile, la kijani. Sasa kwa mikono miwili. Akalinusa. Wakabishana mpaka elfu sita, wakatukanana kidogo, wakacheka. Akalivaa hapohapo juu ya khanga, akaondoka ametoa kifua. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Nguo ni hii. Yale ya chini ni matambara."

Mama Zuhura akanigeukia. "Umeona? Sijamdanganya. Sweta ni zuri. Bei ndiyo ilikuwa inalitukana."

Njia yote ya kurudi nimewaza maneno hayo.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia baba mdogo. Nikasema, taja laki na themanini.

Yeye ni mzee wa kanisa. Akasema, "Nimesikia." Hakusema sawa. Hakusema hapana.

Koti nimelipeleka kwa dobi, mtaa wa Mafiga.

Alhamisi, 12 Juni

Dobi amelirudisha kwenye hanga, limefunikwa nailoni. Sikulitambua. Niliogopa kulishika kwa mikono hii.

Stendi ya Msamvu, nikilituma kwa baba mdogo, konda wa basi aliuliza thamani ya mzigo. Nikasema laki na themanini. Ikatoka mdomoni laini. Konda hakulitupa kwenye buti. Alilitundika mbele, karibu na dereva.

Jumatatu, 16 Juni

Silali vizuri. Yule mkwe dereva anafika Mbeya, anafika Tunduma, mitumba anaijua. Atageuza mfuko, ataona nyuzi zilizochakaa. Kisha baba mdogo ataaibika mbele ya waumini wake.

Mrisho anasema wakigundua watanirudishia koti nizikwe nalo.

Jumamosi, 21 Juni

Siku nzima simu hazipatikani. Belo limeniponyoka, nusura limvunje Mrisho mguu. Amenitukana mpaka mama yangu. Ana haki.

Jioni baba mdogo akapiga. Kelele nyuma yake. Bei ilipotajwa, vigelegele. Mkwe dereva alilishika kola, akalipima mkononi, akasema mbele ya wote kwamba ni zito kuliko lake. Mzee Tweve akalivaa, akazunguka mara moja ua mzima.

Wamenipa Vaileti.

Nilikaa juu ya belo nikalia. Mama Zuhura akatununulia soda.

Jumapili, 29 Juni

Vaileti amepiga. Anacheka. Anasema tangu siku ile baba yake hajalivaa koti. Amelirudisha kwenye nailoni, liko sebuleni kwenye msumari. Wageni wanaonyeshwa. Hakuna kugusa. Kumbe hata lile la dereva analo kwenye sanduku, hajalivaa hata mara moja.

Asubuhi mzee anaenda kukamua na sweta lake lililotoboka viwiko. Umande umeganda. Anakohoa mpaka anashika nguzo ya zizi. Mama mkwe akimwambia avae koti, anajibu, "Laki na themanini niingie nayo kwenye mavi ya ng'ombe? Nina wazimu?"

Ameagiza azikwe nalo.

Vaileti alicheka sana. Mimi sikuweza.

Jumanne, 1 Julai

Jana mzee alipelekwa zahanati. Kifua. Wamempa dawa, amerudi nyumbani. Wamemwambia ajifunike. Leo alfajiri alikuwa zizini na sweta lilelile.

Nimemwambia Vaileti bei ya kweli. Akasema, "Usimwambie mtu." Baadaye kidogo, sauti ya chini, "Lakini usiku hatulali kwa kikohozi chake."

Baba mdogo amekasirika. Anasema nikifungua mdomo nimemvua nguo mbele ya kanisa zima, na mwalimu wa Njombe bado hajaoa.

Niliishia darasa la sita, lakini hii hesabu naiona. Nikinyamaza, nina mke. Nikisema, mzee ana koti. Kupata vyote viwili, sijui.

Nimefikiri kutuma koti jingine la elfu tatu, niseme ni la elfu tatu, alivae zizini. Hatalivaa. Mkwe mwenye laki na themanini haleti matambara.

Alhamisi, 3 Julai

Nimebeba vibaya. Nimegombana na mteja. Vaileti ametuma ujumbe mfupi: Leo ametema damu kidogo. Amesema ni jino.

Nimelisoma mara nyingi hilo neno jino.

Ijumaa, 4 Julai

Kumetulia. Mvua ndogo kutoka mlimani, kisha jua. Nimemuaga Mama Zuhura. Hakuuliza mengi. Akatoa sweta kwenye hanga, la Vaileti. Nikauliza bei. Akaniambia niondoke mbele yake.

Sitasema mbele ya ukoo. Nitaingia zizini na mzee, sisi wawili, kabla hajaanza kukamua. Nitakuwa nimelitoa koti kwenye nailoni, nimelibeba mkononi. Nitamsalimia. Nitamwambia elfu tatu, belo la mwisho, mji wa joto ambako hakuna aliyelitaka. Baba mdogo simtaji, uongo ulikuwa wangu. Anaweza kunichapa fimbo. Anaweza kumwita mwalimu. Akinifukuza, anifukuze akiwa amelivaa.

Tiketi ninayo, basi la kesho alfajiri. Makete nitafika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Zizini, Jumatatu.