Modemu za Chumba cha Mama

Mosocho, 3 Februari 2002

Kwa shemeji Okinyi,

Natumaini wewe na dada yangu Mokeira hamjambo huko Nairobi. Sisi tu wazima. Mama anawasalimu, goti lake limepata nafuu.

Nimeacha ualimu, kama ulivyosikia. Nataka shule na zahanati za huku zipige simu hapa kwetu, zichukue barua pepe zao kwenye kompyuta yangu. Laini nimeshapata. Nitafutie modemu nne za bei nafuu lakini za kutegemewa. Mteja wangu wa kwanza ni Sista Magdaline wa zahanati ya Nyacheki. Humwandikia daktari wa watoto aliye Eldoret, maana kwa simu hashikiki. Nikimwangusha Magdaline, wengine hawatakuja.

Mama amenipa chumba kwa sharti moja. Ijumaa jua likizama anafunga mlango, na ufunguo anakaa nao mpaka Sabato iishe. Mashine zikipenda zifanye kazi, ila mkono wa mtu usiziguse.

Ni mimi shemeji yako,
Nyamweya

Nairobi, 12 Februari 2002

Shemeji mpendwa,

Salamu nyingi. Hatujambo, ila Mokeira analalamika kila siku kuwa ndizi za huku hazina ladha. Mama mkwe mfikishie heshima zangu.

Nimeona modemu za aina mbili. Kuna ndogo, mpya, bei ya kupendeza. Nyingine ni kuukuu, zimetolewa ofisini mwa watu, ghali kuliko hizo mpya na nzito kama jiwe la Tabaka. Zile ndogo nimezijaribu hapa dukani kutwa nzima, hazikukata hata mara moja. Nimekutumia hizo. Usiniletee ubishi wa Kikisii, fundi ni mimi.

Shemeji yako,
Okinyi

Mosocho, 10 Machi 2002

Shemeji Okinyi,

Habari za siku nyingi? Afya tunayo. Raha ndiyo hatuna.

Modemu zako ni nzuri asubuhi. Mvua ya alasiri ikianza, laini inakwaruza, simu inakatika, kisha modemu inaganda na taa zake zinawaka tu. Haipokei tena mpaka mtu aizime na kuiwasha. Siku za kazi mtu huyo ni mimi. Jana ilikuwa Sabato.

Magdaline alikuwa na mtoto mwenye degedege. Jibu la daktari kuhusu kipimo cha dawa lilikuwa humu chumbani tangu mchana. Alipiga simu mpaka jioni, ikawa inaita tu. Mtoto amepona, Mungu ashukuriwe, lakini Magdaline alinieleza akilia.

Nakulaumu, na mimi najilaumu. Sikukuambia habari za mvua. Hapa kwetu nani huambiwa habari za mvua?

Asubuhi hii mama alinitia ufunguo mkononi, akasema nikae nao hata Sabato. Nimemrudishia. Sitaki achague kati ya Mungu wake na mtoto wa watu. Nitafutie zile nzito.

Shemeji yako,
Nyamweya

Nairobi, 19 Machi 2002

Shemeji yangu,

Pole sana, na poleni nyote. Nimeona aibu.

Safari hii nimejaribu kwa mtindo wa kwenu. Nimeuloweka waya wa simu kwenye beseni, Mokeira akimwagia maji kwa jagi na kunicheka. Zile nzito nazo zilikata, sikudanganyi. Lakini zilijizima, zikajiwasha, zikangoja simu nyingine. Nimepata mbili tu, ziko kwenye basi.

Mwambie mama mkwe anisamehe.

Okinyi, shemeji yako

Mosocho, 14 Aprili 2002

Shemeji,

Salamu kwenu wawili. Tu wazima, na chai inachipua vizuri.

Jana mvua ilinyesha kama kawaida yake. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa barazani karibu na ule mlango. Tangu mkasa wa Magdaline, mama hukaa hapo kila Sabato akiubana ufunguo mkononi, akisikiliza. Nami nilisikiliza. Mlio wa ile modemu nzito ukakatika. Kimya. Kisha simu ikaita, modemu ikapokea yenyewe.

"Imeamka?" mama akauliza.

"Imeamka."

"Na hakuna aliyeigusa?"

"Hakuna."

Baadaye nilipomgeukia, alikuwa amelala palepale kitini, ufunguo umemponyoka umeanguka sakafuni. Nikauacha hapo mpaka jua likazama.

Shemeji yako,
Nyamweya