Je, Mwombaji Anajimudu?

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata! Chuo kimenipokea. Sheria, miaka minne. Nina miaka arobaini na mitatu, mguu mmoja wa polio, magongo mawili na barua yenye muhuri. Mama kaishika barua juu chini, kaibusu hivyo hivyo. Kusoma hajui, lakini muhuri anaujua.

Ada siiwezi. Mshahara wa steshenari unakata roho tarehe kumi. Ila ipo ruzuku ya watu wazima wenye ulemavu — ada, malazi, mpaka magongo mapya. Mwaka huu wametoa fomu mpya. Fomu kwangu ni nini? Miaka kumi na saba nawajazia watu fomu pale dukani, za pasipoti, za mirathi, za talaka. Nitaimaliza kabla chai haijapoa.

Jumatano, 5 Juni

Kurasa tisa. Swali la kumi na nne: "Je, mwombaji anajimudu?" Ndiyo au Hapana.

Sikusita. NDIYO, kwa herufi kubwa, na pembeni nikaongeza: "Naoga, napika, nafua na kupanda ngazi mwenyewe tangu utotoni." Kalamu nusura itoboe karatasi. Neno hilo ndilo lililonilea. Nikianguka uani Mama alikuwa anaendelea kufua, ananitazama tu. "Jimudu!" Majirani walimwita katili. Mimi pia, kimoyomoyo.

Nimeipeleka mwenyewe. Ofisi ya ruzuku ya walemavu iko ghorofa ya tatu na lifti mbovu! Karani wa dirishani kaniuliza nimemletea nani fomu.

Ijumaa, 28 Juni

Wamenikataa. Sababu ni mstari mmoja: "Mwombaji amekiri kwamba anajimudu."

Nimepanda tena zile ngazi. Karani kanieleza polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. Pale tuliuliza uwezo, dada. Uwezo wa pesa. Nikamwambia mimi nilielewa mwili. Akasema basi hata mwili ni yale yale, ruzuku hii ni ya wasiojimudu.

Na mimi ndiye ninayewakemea wateja: soma swali mara mbili! Bosi wangu — tunamwita Toner, kwa vidole vyake vyeusi kwa wino wa mashine — alicheka mpaka akatafuta kiti. Nilicheka naye. Halafu nikaenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kutoa kopi.

Rufaa ipo. Wanataka barua ya ndugu wa damu, athibitishe kwamba sijimudu. Siku kumi.

Jumamosi, 29 Juni

Mama kakataa. Kidole gumba chake hakitagusa wino wa barua hiyo. Anasema aliniacha nilie chini mpaka nikainuka, majirani wakamsema, Mungu akamsikia, na leo nije nimwambie aape kwamba ilikuwa kazi bure? Nikamwambia ni karatasi tu, Mama. Kaniuliza kama ile ya chuo nayo ni karatasi tu.

Hatujasemeshana tangu mchana.

Jumapili, 30 Juni

Nimemwendea Kaka, kakubali hata sijamaliza kueleza. Kafurahi, nasema kweli, kafurahi! Kafunga duka lake la vipuri saa sita, katufungulia steshenari kwa ufunguo wangu, kavuta kiti karibu na kompyuta. Yeye anasema, mimi napiga chapa.

Andika: tangu azaliwe ni mzigo kwetu. Nikamwambia polio niliipata nina miaka mitatu. Andika. Nikaandika. Andika: hawezi kuoga bila msaada. Andika: akili nayo wakati mwingine haitulii.

Hapo niliinua mikono. Akanitazama: unataka ruzuku au hutaki?

Nikaandika. Nikamrekebishia na tahajia.

Jumanne, 9 Julai

Kikao cha rufaa. Watu watatu nyuma ya meza, chupa tatu za maji. Kaka kavaa shati la harusi. Kasimulia jinsi anavyonibeba kwenda msalani. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, kampa pole — yeye! Kamwambia ndugu kama yeye siku hizi hawapatikani. Kaka akatoa leso. Leso nimeifua mimi, juzi.

Kisha Mwenyekiti akasema niweke magongo chini, nitembee mpaka mlangoni, wapate kuona.

Hatua mbili. Ya tatu mguu ukajikunja. Meza ilikuwa karibu, ningeweza kuidaka. Sikuidaka. Nikaenda chini kwa uso. Na kuinuka najua: kiwiko, goti, mkono ukutani, sekunde nne. Nilibaki pale pale sakafuni. Nikahesabu. Nilifika ishirini na sita ndipo mmoja wao aliponyanyuka kuja.

Kaka hakunyanyuka. Alikuwa anafuta macho.

Jumatano, 10 Julai

Mdomo umevimba. Mama kauliza nani kanipiga. Nimesema nimeteleza.

Alhamisi, 15 Agosti

Imepita! Yote — ada, malazi, vitabu, magongo! Toner kanipa mkono mbele ya wateja. Mama kaniambia tu, "Hongera," akarudi kwenye beseni lake.

Ukurasa wa pili nimeusoma baadaye, mara mbili, kama ninavyowafundisha wengine. "Kwa kuwa mwombaji hajimudu, fedha zote zitalipwa kwa msimamizi wake." Msimamizi: Kaka. Namba ya akaunti yake ipo. Kumbe aliiandika siku ile ya kikao, mimi nikiwa nje nafutwa damu.

Si mbaya. Ni kaka yangu.

Jumatatu, 2 Septemba

Fedha ziliingia wiki mbili zilizopita, Karani kathibitisha. Kaka simu hapokei. Wifi anasema kasafiri. Nimekwenda dukani kwake, nikamkuta huyo hapo, na rafu zimejaa mpaka juu, betri na tairi mpya tupu, na kibao kinapakwa rangi.

Hata hakuona haya. Kanipa kiti, kaniagizia soda. Ananihurumia, anasema. Chuo kina ngazi, kina msongamano, nitaanguka na nani aninyanyue? Ananitunzia. Biashara ikizunguka nitakula maisha yangu yote. Nikapaza sauti, wateja wakageuka. Yeye akatoa nakala ya barua mfukoni, ile ile niliyoichapa, akamwonyesha mteja mstari kwa kidole.

Mstari wa akili. Mteja akanipa pole.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandikia kwenye benchi la ofisi ya ruzuku, foleni tangu asubuhi. Usajili wa chuo unafungwa leo saa kumi.

Mama kaja. Sikumwomba. Nilimwambia yote jana, hata lile la sakafuni, na leo alfajiri nimemkuta kashavaa viatu. Ghorofa tatu kapanda kwa miguu yake, anapumzika kila baada ya ngazi tano, nami namsubiri. Mimi!

Kubadili msimamizi kuna fomu. Ukurasa mmoja, swali moja. Je, mwombaji anajimudu? Karani kanieleza, tena bila ubaya. Nikijibu Ndiyo, nitasimamia fedha zangu mwenyewe, ila ruzuku inakoma leo leo maana si ya watu kama hao. Nikijibu Hapana, ruzuku inabaki, ila mabadiliko yanahitaji saini ya msimamizi aliyepo. Nikamuuliza fomu hii kaitunga nani. Anasema yeye kaikuta.

Saa tisa na nusu.

Mama kauliza wananiuliza nini. Nimemsomea. Kashangaa kwamba tumetoka nyumbani alfajiri kwa swali jepesi hivyo. "Si uwajibu, mwanangu?"

Saa tisa na dakika arobaini. Kalamu ya ofisi imenitoka mkononi, imebingiria chini ya benchi mpaka ukutani. Hii ninayoandikia ni ya risasi, hawaikubali. Karani kaiona. Hajatoka dirishani, kashika faili langu na kuchungulia aone kama nitainama. Mtu wa benchi la pili kanyanyuka aniokotee.

Mama kamzuia kwa mkono.

"Mwache," anasema. "Huyo anajimudu."