Chini ni Moja

Jumatano, 9 Novemba 1994. Kicukiro.
Nimezifungua tena bunduki zote mbili, nimezipangusa, nimezifunga. Kazi ile ile niliyoifanya Tanzania, ila sasa niko kwetu, nimerudi toka ukimbizini. Moja ni ya zamani, waliyotoka nayo vijana wetu msituni vitani. Nyingine mpya, ya Ulaya: nyepesi, shabaha safi. Jeshi zima litabeba moja kati ya hizi. Kamati yetu ya kuchagua silaha inataka mpya. Mimi pia.

Alhamisi, 10 Novemba.
Nimemaliza pendekezo la kununua mpya. Kurasa nne. Kanali, mwenyekiti wetu, amelisifu. Waziri akiridhia, nitakuwa mkuu wa karakana ya silaha, jina langu mlangoni. Miaka thelathini na mitatu nimekuwa mgeni wa watu. Naitaka ofisi ile. Naona haya kuitaka hivi.

Jumamosi, 12 Novemba.
Majaribio ya mwisho ya bunduki mpya, uwanja wa shabaha nje ya mji. Mvua imekatika alfajiri. Koplo Gatete, mpiganaji mzoefu, kaamriwa apige risasi moja. Zimetoka nane. Mtutu ukapanda, risasi zikapita juu ya tuta la kuzizuia hadi kwenye migomba. Mwanamke alikuwa akilima huko. Alijitupa chini na jembe lake. Mzima, Mungu asifiwe.

Wenzake walimcheka. "Koplo, leo umepigana na ndizi!" Yeye hakucheka. Alinigeukia. "Muzee, mimi nimezoea hivi. Chini kabisa iko moja."

Kweli. Kwenye bunduki ya zamani, wenzo wa usalama ukishushwa hadi chini, hutoka risasi moja moja. Kwenye mpya, chini kabisa ni mfululizo. Nililijua hilo. Nililiandika ukurasa wa tatu, kama jambo dogo.

Jumatatu, 14 Novemba.
Nimewaita askari kumi, mmoja mmoja. Bunduki mpya, tupu. Nimewaeleza mpangilio wa wenzo, wakaurudia vizuri. Kisha nikagonga debe ghafla nyuma ya kila mmoja na kuamuru: moja! Saba walishusha hadi chini. Hawa ndio wanaosimama kwenye vizuizi vya barabarani na kulinda soko la Kimironko. Mmoja akitaka kuonya tu, atamwaga magazini nzima ya risasi kwa watu. Sijala.

Jumanne, 15 Novemba.
Nimemweleza Kanali. "Muzee, askari hufundishwa." Nikamjibu hofu haikumbuki darasa. Akauliza kama bado naikumbuka ile ofisi. Naikumbuka. Nimezunguka uani mpaka viatu vimejaa tope.

Ijumaa, 18 Novemba.
Nimeandika upya. Ukurasa mmoja. Tubaki na ya zamani, au kiwanda kibadili wenzo kabla hatujanunua hata moja. Wanakamati hawakutaka kutia sahihi. Nimetia peke yangu, kwa mwandiko mbaya. Nimeupeleka wizarani mwenyewe, kwa miguu, nisije nikapata muda wa kughairi. Naogopa.

Jumatano, 23 Novemba.
Wizara haijajibu. Gari la kamati halijaja kunichukua tangu Jumamosi. Nikifungua kitabu, nasoma ukurasa ule ule mara tatu.

Jumapili, 27 Novemba.
Uamuzi umetoka: ya zamani inabaki. Karakana amepewa mtu mwingine. Kanali alinipita kanisani kama hanijui. Imeniuma. Nimerudi kwa njia ndefu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari, bunduki begani, akaniuliza natoka wapi. Siku zote mimi huanza kusimulia Tanzania nilikokimbilia. Leo nimesema Kicukiro, pale juu. Akanipisha.